Maili za Kamba

Mmeniandikia, wenzangu wa bweni, mkiuliza kama ni kweli nimefukuzwa kazi kwa sababu ya kamba. Sijafukuzwa. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena, kwa hofu kwamba barua ikiwa bado kwenye treni mambo yatageuka. Sasa naiacha ilivyo. Sijafukuzwa, na kamba yenyewe iko chini ya kitanda changu hapa Katubuka, Kigoma mjini.

Ofisi yetu ya afya ilikuwa na landrova mbili fupi. Ukizikuta zimeegeshwa huwezi kuzitofautisha: rangi moja ya majani makavu, turubai moja, zote zinavuta kwa magurudumu yote manne. Tofauti iko chini ya boneti. Moja ina injini ya petroli, nyingine ya dizeli. Ya petroli inawaka ukigusa tu ufunguo, inaruka, inaimba. Ya dizeli lazima kwanza uzipashe moto plagi zake na usubiri, ndipo ikohoe, itoe moshi mweusi, na mlimani ipande kama mama mjamzito mwenye ndoo kichwani.

Kutoka Dar es Salaam ilikuja amri. Mafuta hayatoshi nchi nzima, kila ofisi ibaki na landrova moja, ile inayokula kidogo zaidi. Nyingine ipakiwe kwenye behewa, irudi. Mkuu wangu, ambaye wote tunamwita Bwana Usafiri, alikuwa ameshachagua ya petroli kabla ya kupima chochote. Ndiyo anayopanda yeye. Akaniita mezani kwake.

"Zipeleke zote mbili hadi Kwa Trekta na kurudi, kila moja galoni sawasawa. Wewe msomi. Jina lako likikaa chini ya hesabu, nani atabisha?"

Kwa Trekta ni kijiji kipya nyuma ya milima, mbele ya Kasulu. Kina jina jingine kwenye ramani, lakini trekta walilopewa lilikufa msimu wa kwanza na bado limesimama pale, basi jina likawa hilo. Watu walihamishwa huko kutoka kwenye migomba yao, wakaahidiwa kwamba kliniki itawafuata kwa gari. Mwaka jana surua ilifika na gari halikufika.

Haya niliambiwa na Nesi Yustina, mwenye zamu ya chanjo ya vijiji hivyo. Alinisimamisha kwenye ngazi.

"Mdogo wangu, mgao wetu wa mwezi ukiingia kwenye ile ya petroli, nafika Kasulu mjini, nanywa chai, narudi. Ukiingia kwenye ya dizeli, nadhani nafika Kwa Trekta."

"Unadhani?"

"Nadhani. Mimi nachoma sindano, sipimi mafuta. Ndiyo maana wewe unakwenda, na mimi nakwenda na sanduku langu la barafu, tuone wote."

Ujiji, ambako hakukuwa njiani

Nilitaka kila kitu kiwe sawa. Nilizipanga landrova zote mbili kwenye sakafu ya saruji mbele ya ghala, pua zikitazama ziwa, ili tanki zisilale upande. Dizeli ina tabia ya kutoa povu ukiimimina, ukadhani tanki limejaa kumbe ni hewa. Kwa hiyo nilishika mlango nikaitikisa landrova hadi povu likashuka, nikaongeza, nikaitikisa tena.

"Msomi, unamcheulisha mtoto?" aliuliza Maulidi, dereva wa petroli. Maulidi ni mtu wa Ujiji. Babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, na yeye huvaa kofia iliyotariziwa hata akiwa chini ya gari.

Dereva wa dizeli, Yohana, ni Muha wa Mwandiga.  Aliwasha plagi zake, akafumba macho, akasali Salamu Maria moja nzima, polepole. Alipofika "Amina" akazungusha ufunguo. Ndivyo anavyopima muda wa plagi kupata moto.

"Gari la kusalia hilo!" Maulidi alicheka. "Langu halina dini, linawaka tu."

Nilipanda naye, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwenda na petroli na kurudi na dizeli. Badala ya kushika barabara ya Mwandiga, akakata kwenda Ujiji.

"Ndugu Maulidi, hii siyo njia!"

"Siwezi kwenda Kasulu bila kumwamkia mama."

Nilimtolea kichwa Yohana dirishani, nikamwashiria atufuate. Ikiwa moja itakwenda Ujiji, zote zitakwenda Ujiji. Maulidi alinitazama kama mtu aliyeota ndoto mbaya.

Mama yake alikuwa mlangoni, kanga begani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, akachungulia nyuma yangu. "Mmekuja magari mawili kunisalimu? Kuna msiba?" Maulidi akamweleza kwamba msomi anapima mafuta. "Kwa hiyo mmepita kwangu kuyapunguza," akasema, akatupa migebuka ya kuchoma iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Tulikula tukiwa njiani. Samaki wale walikuwa watamu sana, na sikuonja hata mmoja vizuri kwa sababu nilikuwa najiuliza kama nimeongeza maili zisizo halali.

Mwandiga hadi Kasulu

Baada ya Mwandiga barabara inaanza kupanda. Hapo Maulidi alinionyesha landrova ya petroli ni nini. Alirudisha gia, akakanyaga, na vumbi letu likamfunika Yohana hadi akatoweka. Injini ilikuwa inaimba kweli. Nakiri nilifurahi, upepo usoni, mashamba ya muhogo yakikimbia nyuma. Kisha nikatazama mshale wa mafuta, furaha ikaniisha.

"Ukipunguza kidogo?"

"Msomi, petroli haitaki kubembelezwa. Ukiibembeleza inakula zaidi."

Sijui alilitoa wapi hilo. Nilibishana naye kichwani hadi kilele cha mlima.

Tulisimama kwenye kibanda cha mama mmoja, tukala ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, tukanawa, tukaanza kusinzia. Ndipo tukasikia ile ngurumo ya chini ikipanda. Yohana alifika na watu nyuma: bibi mwenye mgongo mbaya, mwanamke na kuku wake, magunia mawili ya mihogo mikavu. Nesi Yustina alikuwa mbele, amekumbatia sanduku la barafu.

"Abiria!" nilipiga kelele. "Mizigo! Ndugu Yohana, nilisema uzito uwe sawa!"

"Walinyosha mkono," Yohana alisema.

"Sisi hawakutunyoshea."

"Nyinyi hamkuonekana, Msomi. Mlikuwa vumbi," alisema Nesi Yustina, na mama wa kibanda akacheka hadi akashika nguzo.

Nilifikiria kuwashusha. Kisha nikamtazama yule bibi mwenye mgongo. Nikaamua kwamba dizeli itakwenda na mzigo wake, na hesabu itabeba mzigo huo, liwalo na liwe.

Kwa Trekta

Kilima cha mwisho kilikuwa tope jekundu. Maulidi aliingia kwa kasi. Nusu ya mlima magurudumu yote manne yakaanza kuzunguka mahali pamoja, tope likiruka hadi kwenye kofia yake. Aliweka gia nzito, akakanyaga, akarudi nyuma, akakanyaga tena. Injini ililia kwa muda mrefu, na harufu ya petroli ikajaa ndani. Yohana akapita pembeni yetu mwendo wa jongoo, hakuteleza, hakutazama kando.

Nikashuka nikamfuata kwa miguu.

Watu walikuwa wamekusanyika karibu na trekta lao, akina mama wamebeba watoto. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mbele, akainama, akapiga makofi taratibu. "Mwakeye," alisema, na Nesi Yustina akainama naye akipiga makofi, akimuuliza habari za nyumba, za ng'ombe, za mvua. Kwa Waha salamu haina haraka. Anayeikatiza anasema kwa vitendo kwamba hakuja kukuona.

Mimi nilikuwa napiga makofi pia, lakini sikio langu lilikuwa kwenye landrova. Yohana alikuwa ameiacha inanguruma, kwa sababu betri yake ni dhaifu na akiizima huenda isiwake. Kila ngurumo niliisikia kama dizeli ikidondoka ardhini. Nilivumilia, nikavumilia, kisha nikaacha makofi katikati, nikageuka, nikakimbilia kwenye gari kuizima injini.

Nyuma yangu makofi yakanyamaza.

Nilipotazama, akina mama walikuwa wanafunga watoto mgongoni. Mmoja alikuwa ameshaanza kuteremka njia. "Nilijua," alisema bila hasira. "Mwaka jana pia walikuja wa ofisini, wakageuka kabla salamu hazijaisha. Tulikaa hapa mpaka jua likazama. Mtoto wangu wa pili nilimzika wiki ile."

Mwenyekiti hakuinua macho. Nesi Yustina aliniangalia, na sitaki kuangaliwa hivyo tena.

Sikujua maneno ya kusema kwa Kiha, na kwa Kiswahili hayakutosha. Nilizima injini. Nikachomoa ufunguo. Nikarudi kwa mwenyekiti, nikainama, nikampa ufunguo kwa mikono miwili.

"Mzee, shika wewe. Hatuondoki mpaka utakapotupa."

Aliupima mkononi, akautia mfuko wa koti. Kisha akaanza salamu upya, kutoka mwanzo, na safari hii nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Yule mama alirudi. Jina lake ni Agnesi, na mtoto aliyempanga mstarini ni wa tatu.

Chanjo zilikwisha jua likiwa bado juu. Mwenyekiti akarudisha ufunguo. Betri, bila shaka, ilikuwa imekufa. Kijiji kizima kikaisukuma landrova hadi mteremkoni, Yohana akaachia klachi, ikakohoa, ikawaka, watu wakashangilia. Katikati ya kilima tukamkuta Maulidi bado amezama. Vijana wakaleta kamba nene ya katani kutoka kwenye trekta, tukamtoa.

"Ichukueni," mwenyekiti alisema nilipotaka kuifungua. "Trekta haliendi popote. Mtairudisha mkija tena." Maneno mawili ya mwisho aliyasema akinitazama mimi.

Kurudi

Nilirudi na Yohana, Nesi katikati yetu. Maulidi alipita mbele akipiga honi. Tulilala Kasulu, na kesho yake tukamkuta kwenye mteremko kabla ya Mwandiga, amekaa juu ya boneti, kofia mkononi.

"Imekwisha," alisema. "Hata harufu hakuna."

Galoni zote alizopewa zilikuwa zimebaki kwenye lile tope na kwenye vumbi la kujionyesha. Yohana alishuka akaanza kufungua kamba.

"Ngoja," nilisema.

Mtanielewa, mnanijua. Nilikuwa nimepima kila kitu kwa ajili ya siku hii. Dizeli ikimvuta mwenzake itakula zaidi, na hesabu itaonekana mbaya. Bwana Usafiri atapata alichotaka, petroli itabaki, na Agnesi atakaa tena chini ya trekta mpaka jua lizame. Tukimwacha hapa hesabu itakuwa safi. Niliwaeleza hayo yote, kwa urefu, nikitembea kutoka gari moja hadi jingine.

"Umemaliza?" aliuliza Nesi Yustina.

"Bado."

"Basi malizia ndani ya gari. Yohana, funga kamba."

Na hapo, sijui kwa nini, woga uliniisha. Nilijiambia: sawa. Imeshabeba bibi na mihogo, sasa imvute na mwenzake, na bado nitaandika kitakachotoka. Ikishindwa, imeshindwa. Ikishinda hivyo, nani ataibishia? Nilichukua ncha moja ya kamba nikaifunga mwenyewe. Yohana aliifungua akaifunga vizuri.

Mwandiga ilikuwa siku ya soko. Hakuna njia ya kupita Mwandiga siku ya soko bila kuonekana na ukoo wako wote, na wote walitoka kututazama: landrova ya moshi mbele, landrova ya heshima nyuma ya kamba.

"Maulidi! Leo umekuwa trela?"

"Maulidi, mwimbie basi!"

Muuza dagaa mmoja akakimbia kando yetu akipiga sinia. "Hili lina injini au ni kasha tu?" Maulidi aliinamia usukani, kofia imeshuka hadi kwenye pua. Yohana alitazama mbele kama padre kwenye maandamano, ila niliona mabega yake yanatikisika.

Ofisini

Nilizirudisha kwenye saruji ileile, pua zikitazama ziwa, nikaijaza ya dizeli, nikatikisa povu, nione imekula kiasi gani. Dizeli ilikuwa imebakiza mafuta ya kwenda tena hadi Kasulu. Pamoja na abiria, pamoja na kunguruma, pamoja na kamba.

Asubuhi nikakuta hesabu imeshapigwa chapa mezani kwa Bwana Usafiri, nafasi ya saini imeachwa. Petroli imeshinda.

Nilisoma mara tatu, nikidhani kichwa changu kimeharibika. Kisha nikaelewa. Ofisini petroli au dizeli hupimwa kwa njia moja: maili zilizosomwa kwenye saa ya gari, kwa galoni zilizotoka ghalani. Galoni zilikuwa sawa. Mafuta yaliyobaki kwenye tanki hayaulizwi. Na saa ya maili inafuata magurudumu, haijui injini. Magurudumu ya petroli yalizunguka kwenye tope bila kwenda popote, saa ikahesabu. Yalizunguka nyuma ya kamba bila tone la petroli, saa ikahesabu. Kwa hiyo petroli ilikuwa na maili nyingi zaidi.

"Saa haina upendeleo," alisema Bwana Usafiri. "Weka saini."

"Ndugu, maili hizo ni za kamba."

"Nani aliona?"

"Mwandiga nzima. Ilikuwa siku ya soko."

Akamwita Maulidi. Nilidhani nimekwisha, kwa sababu Maulidi analipenda gari lile kuliko mshahara wake. Alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Maulidi, ulivutwa?"

"Bwana Mkubwa," alisema, "ningependa kusema sikuvutwa. Lakini habari ilimfikia mama yangu Ujiji kabla sijafika mwenyewe. Ameniuliza kama nimehamia kwenye tela la ng'ombe."

Bwana Usafiri akanisogezea karatasi. "Saini."

Nikairudisha karatasi upande wake wa meza. 

"Sisaini."

"Unajua naweza kukupeleka Kwa Trekta ukakae huko mpaka uote mizizi?"

"Nitakwenda, Ndugu. Kwa gari lipi?"

Maulidi alitoka nje haraka, na tulimsikia akikohoa kicheko ukutani.

Niliandika yangu kwa mkono, sentensi chache tu. Petroli imehesabiwa hadi mahali ilipokata roho, na tope siyo safari. Dizeli imehesabiwa hadi hapa, na mzigo wake, na mwenzake mgongoni. Nikaenda na Nesi Yustina kwa mkuu wa ofisi nzima, mzee asiyependa maneno. Alisoma, akavua miwani.

"Ilibakiza mafuta?"

"Ilibakiza, Mzee."

"Baada ya kuvuta?"

"Baada ya kuvuta."

Akamtazama Nesi. "Na huko, walichanjwa?"

"Wote waliokuja. Wengine watakuja tukirudi."

Akatia saini yake yeye. Bwana Usafiri hajanisemesha tangu siku ile, isipokuwa kuniagiza niifungue ile kamba, iliyokuwa bado inaning'inia nyuma ya dizeli mbele ya macho ya mji mzima. Nilimwambia sijui mafundo. Yohana akasema naye amesahau. Ikaning'inia hivyo hadi Ujiji yote ikawa imeuliza ni ya nini, na ikajibiwa.

Stesheni

Siku ya kuipakia petroli kwenye behewa, pipa la petroli lilikuwa tupu. Bwana Usafiri alisimama uani akitazama landrova yake, akatazama ile nyingine, akaingia ndani. Kamba ilikuwa tayari pale ilipo.

Tukaivuta tena, kupitia katikati ya mji, Maulidi kwenye usukani. Safari hii kofia ilikuwa wima na alikuwa akiwapungia watu mkono. Stesheni alishuka, akapiga boneti kofi la kuagana, akabaki ameinamia dirisha akiisoma saa ya maili.

"Zimeongezeka?" nilimuuliza.

"Zimeongezeka."

"Na petroli?"

"Hata tone." Akatikisa kichwa. "Wakiisoma saa hii kule Dar es Salaam watasema hakuna gari lenye uchumi kama hili."

Nikafungua kamba mwenyewe, fundo likanikubali, nikaiviringisha begani. Ni ya watu wa Kwa Trekta na nimeahidi. Tukapanda wote watatu kwenye dizeli. Yohana akawasha plagi, akafumba macho, akaanza Salamu Maria yake. Nilimngoja Maulidi acheke. Hakucheka. Alivua kofia, akaiweka gotini, na Yohana alipofika "Amina" yeye akasema "Bismillahi", ikawaka.